Shangazi, naimba "Bwana utuhurumie" huku nawaza gesi imeisha

Shikamoo Shangazi,

Mi ni mama wa miaka 39, niko Dar, nina mume na watoto watatu. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, nimebatizwa usharika huuhuu, kipaimara hapohapo, ndoa hapohapo, na kwenye kwaya nina miaka 14 naimba sauti ya pili. Nakuandikia kwa sababu kuna kitu kinanisumbua na sina wa kumwambia, mchungaji namuogopa kidogo, na wanakwaya wenzangu nikiwaambia leo basi Jumapili usharika mzima unajua.

Iko hivi Shangazi, sijui ilianza lini ila naona kama ibada imekufa ndani yangu. Jumapili natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu maana ibada ya kwanza inaanza saa moja, nafika navaa sare, nakaa pale mbele. Liturujia naijua yote kwa kichwa, mchungaji akianza mstari mdomo wangu unajibu wenyewe, hata sihitaji kuwepo. Mwezi uliopita tuko kwenye kuungama dhambi, mdomo unasema tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, kichwani nahesabu gesi imeisha, luku imebaki yuniti nne, mtoto hana soksi za shule. Kuja kushtuka tuko kwenye Imani ya Mitume na sikumbuki tumepitaje pale katikati. "Bwana utuhurumie, Kristo utuhurumie" nimeimba vizuri tu, sijatoka hata kwenye noti.

Afu kuna hili la kwaya. Tuna wimbo wa maombolezo, mwalimu anatuambia dada zangu onyesheni hisia, mnaimba kama mnasoma bei ya nyanya. Basi tukafundishwa kabisa ubeti wa tatu wote tunafumba macho, kwenye kiitikio mkono wa kulia unapanda taratibu. Jumapili tukaimba, mama mmoja mzee akalia sana, baada ya ibada akaja akanishika mikono akasema mwanangu umenibariki, wewe unamjua Mungu. Shangazi nilijisikia kama nimemuibia yule bibi, maana mkono ulipanda kwa sababu ulitakiwa upande.

Sasa kuna rafiki yangu kazini anasali kanisa moja la kiroho, wako kwenye ukumbi, hakuna liturujia wala kitabu, kila mtu anaomba kwa maneno yake. Akanipeleka kwenye mkesha wa Ijumaa. Watu wanalia, wanaanguka, na mimi nikalia, nililia mpaka kilemba kikalowa. Nikarudi nyumbani mwepesi kabisa. Nimeenda mara nne, mume wangu namwambia nina mazoezi ya kwaya. Akaja kugundua, hakupiga kelele, aliniuliza tu, "Uhame uende wapi, siku tukifa nani atatuzika?" Kwake kanisa ni hilo, bahasha zetu za sadaka hazijawahi kulala, baba yake amezikwa na usharika huu. Mi nikaona hiyo sio imani, hiyo ni bima.

Kilichonifanya nikuandikie ni Jumapili ya juzijuzi. Ilikuwa ibada moja ya pamoja na kuna Chakula cha Bwana. Kwaya tukatoka kwenda kupiga magoti pale mbele, nainua kichwa nakuta aliyepiga magoti kulia kwangu ni mdogo wangu wa damu. Bega kwa bega, Shangazi. Hatuongei tangu 2022. Ni mambo ya vikoba, nilimdhamini akachukua mkopo, kibanda chake cha mitumba kikaungua ule moto wa soko la Karume, kikundi kikanikata mimi 1,600,000 kwenye hisa zangu, na mi siku ya msiba wa baba nikasema maneno kidogo, basi ikawa hivyo, yeye anasali ibada ya pili mi ya kwanza. Ila hiyo ni stori ndefu tuiache. Ninachosema ni kwamba nilipokea, nikanywa, nikarudi kukaa, sikusikia kitu chochote. Kama nimekunywa maji.

Je mimi ni mnafiki? Nihamie kule ambako angalau nalia? Niache kwaya? Niache kushiriki mpaka moyo urudi? Nishauri, usinifiche.

Sauti ya Pili, Dar

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu na kalamu nyekundu mkononi, ualimu nilistaafu ila ugonjwa wake haujaniacha. Nitakujibu yote ila sio kwa mpangilio uliouliza wewe, maana mpangilio wako una ujanja ndani yake na nadhani unajua.

Tuanze na gesi. Mtu mwenye watoto watatu na luku ya yuniti nne akisimama kanisani akawaza gesi, huyo sio mnafiki, huyo ni mama. Wewe ni Mlutheri, basi nikupe Mlutheri mwenyewe. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake, jamaa aliitwa Peter, ambaye alimuuliza namna ya kusali. Na yule mzee hakuanza kwa kujisifu, alikiri kwamba hata yeye kuna siku anakuwa baridi, hana hamu ya maombi kwa sababu ya shughuli na mawazo. Sasa dawa aliyotumia ndo itakuchekesha: anachukua Zaburi zake anaingia chumbani, au kama ni muda wa ibada anaenda kanisani walipo watu, anaanza kujisemea Amri Kumi, Imani, maneno ya Kristo, neno kwa neno kama wanavyofanya watoto. Yaani moyo umepoa, anaenda kuuwashia kwenye yaleyale ya kukariri ambayo wewe unataka kuyakimbia. Ila hakumficha kinyozi upande wa pili pia. Alimwambia kinyozi mzuri macho na akili viko kwenye wembe na nywele, akianza kupiga soga na kutazama huku na kule atamkata mteja mdomo, au pua, au hata koo. Na akasema Sala ya Bwana ndo shahidi mkubwa kuliko wote duniani, shahidi yule wa kuuawa, maana kila mtu anaitesa kwa kuisema bila kuifikiria. Kwa hiyo unachokiona wewe leo hapo Dar, yeye alikiona karibu miaka mia tano iliyopita, na hakuhitimisha kwamba sala ifutwe.

Halafu angalia Yesu mwenyewe. Mathayo 6 anasema mkisali msipayuke-payuke kama watu wa mataifa, watu wengi wanaishia hapo wananyoosha kidole kwa wenye vitabu vya sala. Geuza macho mistari miwili tu chini, anawapa sala ya kukariri! Na pale msalabani, saa ambayo mtu yeyote angeruhusiwa kusema chochote kinachomtoka, alisema Zaburi ya 22. "Mungu wangu, mbona umeniacha" aliijua tangu utoto, kama wewe unavyojua ya kwako. Sala ya kichwani inakaa pale inasubiri siku ambayo huna maneno. Mi nilipomzika mume wangu sikuweza kuomba kwa maneno yangu hata sentensi moja, nilikuwa na Baba Yetu tu, na hiyo nayo niliishia katikati wakanimalizia wengine.

Sasa kanisa la rafiki yako. Sitalisema vibaya, machozi yako yalikuwa machozi ya kweli na huenda ulikuwa unahitaji kulia muda mrefu mahali ambapo hakuna anayekujua kuwa wewe ni sauti ya pili. Ila usidanganyike kwamba kule hakuna liturujia. Ipo, haijachapwa tu. Nenda mwaka mzima utaona, kila wiki ni "mwambie jirani yako huu ni mwaka wako", kila maombi ya papo kwa papo yanaanza "Baba tunakuja mbele zako", kinanda kinashuka sauti palepale, watu wanaanguka palepale. Mwaka wa pili utafumba macho pale wanapofumba na mkono utapanda wenyewe, utaniandikia tena. Na mara nne ulizoenda ulimdanganya mumeo kwamba uko mazoezini. Yaani ulienda kutafuta ukweli wa moyo kwa kuanza na uongo mlangoni. Hilo umelitaja kama vile unataja nauli.

Na mumeo muache. Hilo la nani atatuzika wewe umeliona ni bima, mi sioni hivyo. Mwanaume anayetaka azikwe na watu waliomzika baba yake ana kitu ndani, labda hajui kukisema tu. Ungemuuliza vizuri ungeshangaa. Wanaume wa kanisa letu hisia zao zote wameziweka kwenye bahasha na kwenye mnada wa mavuno, utamkuta mtu anapandisha bei ya jogoo mpaka elfu themanini na machozi yanamlenga, ukimuuliza imani yake atakwambia naendelea vizuri namshukuru Mungu.

Ngoja nikwambie habari ya mama yangu. Mimi ni wa Kagera, nimekulia kwenye nyumba ya walokole, watu wa uamsho wa kuokoka. Ule uamsho ulikuja kwetu kutoka Rwanda na Uganda. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa anafanya kazi Gahini huko Rwanda, alikutana Namirembe, Kampala, na Mganda mmoja anaitwa Simeoni Nsibambi. Church alikuwa amechoka vibaya, njaa kali ilikuwa imepita Gahini, kazi ya hospitali imemuelemea, ndani amekauka. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa, sala za kitabu wanazijua mwanzo mwisho, yaani walikuwa na ugonjwa wako. Wakakaa wakasoma Biblia pamoja wakaomba. Na miaka ya 1930 moto ukawaka kule Gahini, ukasambaa Uganda, Kenya, Tanganyika. Kitu ninachotaka ukione ni kwamba wale watu wengi wao hawakuhama. Walibaki humohumo kwenye kanisa la vitabu, ila walianza kufanya jambo moja la aibu sana: kuyafanya yale maneno. Ukisema kanisani nimekosa, unatoka unaenda kwa uliyemkosea unamtajia. Ukisema nimeiba, unarudisha. Mama alinisimulia jirani aliyekuja asubuhi na debe la kahawa kichwani akaliweka mlangoni kwetu akasema hii niliiba kwenye shamba lenu msimu ule, naomba mnisamehe. Babu hakuwa hata anajua kama ameibiwa.

Lakini usifikiri nakusimulia watakatifu. Mimi mwenyewe nikiwa binti nimekaa kwenye zile fellowship, mikutano ya walokole, na nakwambia hata kutubu kuligeuka desturi. Kulikuwa na ndugu mmoja kila Alhamisi anasimama anatubu hasira. Hasira, hasira, miaka na miaka, na tunajibu kwa kuimba Tukutendereza, ule wimbo wa uamsho, Kiganda ambacho nusu yetu hatukukijua, tunakaa, anayefuata. Hakuna aliyewahi kumuuliza hasira kwa nani. Mkewe alikuwa amekaa benchi la tatu anaangalia sakafu. Kwa hiyo mwanangu hakuna kanisa la kukimbilia ambako maneno hayawezi kufa mdomoni, hata "Bwana asifiwe" tunayosalimiana nayo ilikuwa ya moto wakati fulani, siku hizi tunaisema kama hodi.

Ndo nije sasa kwa mdogo wako, maana nimezunguka makusudi kama ulivyozunguka wewe.

Liturujia umeipa aya, kwaya aya, mkesha aya. Mdogo wako wa damu umempa sentensi chache ukasema tuiache. Na ndani ya hizo sentensi kuna maneno mawili nimeyapigia mstari mwekundu: "maneno kidogo". Ulisema nini mwanangu, mbele ya jeneza la baba yenu, mbele ya watu? Mi sijui, ila naweza kukisia, nimekaa kwenye misiba mingi. Ulisema hakuna kilichoungua, hela kazila? Ulisema amemuua baba kwa presha? Maneno kidogo hayafanyi mtu abadili saa ya ibada.

Sasa chukua Mathayo 5, mstari wa 23. Unaujua, umeshaimbishwa. Ukileta sadaka yako madhabahuni na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache, uende upatane naye kwanza. Soma tena taratibu. Haisemi ukikumbuka kuwa wewe una neno juu ya ndugu yako. Inasema yeye ana neno juu yako. Miaka yote hii wewe umekaa na daftari la 1,600,000, umejiona mdai, na ni kweli unadai, pesa yako imeenda na haikuwa haki. Lakini pale mlipopiga magoti bega kwa bega, kwenye habari ya yale maneno ya msibani, mdaiwa ni wewe. Na mdomo wako dakika chache nyuma ulikuwa umeshasema nimekosa kwa maneno. Kwa maneno! Liturujia ilikutajia kosa lako kabisa, wewe ukawa unawaza soksi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama wewe ni mnafiki, kwenye gesi hapana, kwenye mkono kupanda kidogo tu (mwalimu wa kwaya nitamsema siku nyingine, ila yule bibi alilia kwa ya kwake, hukumuibia). Kwenye hili la mdogo wako, ndiyo, mwanangu. Umesema nisikufiche.

Nabii Amosi sura ya 5 Mungu anasema waniondolee kelele za nyimbo zao, hataki kusikia vinanda, samahanini wanakwaya. Isaya sura ya 1 amechoshwa na sikukuu zao na ubani. Watu wanazitumia hizo kupiga vita ibada za utaratibu, lakini ukisoma mbele shida haikuwa ubani, ilikuwa mikono iliyofukiza, yatima hatetewi na mjane hasikilizwi. Hata Paulo kwa Wakorintho, ile sura ya 11 inayowatisha watu wasishiriki, shida yao haikuwa kwamba hawakusikia msisimko. Walikuwa mezani pamoja na mmoja ana njaa mwingine amelewa, hawaonani. Basi hilo la kunywa kama maji lisikutie hofu sana, hisia zinakuja na kuondoka, nyingine ni uchovu tu, mazoezi mara tatu kwa wiki na watoto watatu, ungekuwa wa chuma ungelia kutu. Sikwambii kwamba ukipatana na mdogo wako utaanza kutokwa na machozi kwenye "Bwana utuhurumie". Inawezekana ukapatana na bado gesi ikaendelea kukuita.

Usiache kushiriki. Kujinyima meza usubiri moyo urudi ni kama kukataa kula mpaka ushibe. Kwaya pumzika miezi miwili ukipenda, sauti ya pili hawatakufa. Usihame, walau usihame kwa sababu hii, maana mdogo wako utamuacha nyuma ila yale maneno utahama nayo.

Kwenda kwake nenda wewe. Usitume meseji, na usithubutu kuandika kwenye grupu la familia, hapo utaanzisha kesi mpya. Kama miguu inakataa mtangulize mama mdogo au mtu anayewapenda wote wawili, aseme tu fulani anataka kuja, kisha uende. Ukifika usianze na moto wa Karume, usianze na vikoba, wala usiseme "na wewe ulinikosea". Anza na siku ya msiba, na uyataje yale maneno kama yalivyotoka, usiseme "maneno kidogo". Akikufungia mlango umefanya sehemu yako, rudi nyumbani, utajaribu tena Pasaka. Na akikusamehe, bado kuna watu waliosikia. Ulimtukana hadharani, msamaha wa jikoni hautoshi, siku familia imekaa, mama akiwepo, useme mbele yao.

Pesa ni habari nyingine na usichanganye siku. Kusamehe hakumaanishi ule deni kimya ukaumwa vidonda vya tumbo. Mnaweza kukaa baadaye mkapanga hata elfu thelathini kwa mwezi, au ukaona hali yake ukafuta, hilo ni lako na mumeo, maana zile hisa zilikuwa za nyumba nzima. Ila ujue tu kwamba Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union, pale Mathayo 6:12 haisemi makosa. Inasema utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu. Umeimba hiyo sala miaka 14 na mdeni wako alikuwa anaiimba ibada inayofuata.

Nenda Jumamosi mchana, akiwa hana wateja. Na usiende ukitokea mazoezini na sare ya kwaya.

Shangazi